UZI: Ukitumiwa "sheria mpya", uliza kwanza karatasi hiyo imefika wapi

SaibaKondele (Kisumu, mwanzilishi wa uzi)

Wadau, habari zenu. Nadhani karibu kila mmoja hapa ameupata ule ujumbe unaosema Rais ametia saini sheria ya ardhi, kwamba kila mwenye shamba sasa atalipa kodi kila mwaka, na asiyelipa atanyang'anywa. Umepita vikundi vya ukoo, vya chama na vya kanisa, na kuna sauti zilizorekodiwa kwa Kijaluo na Kiluhya zinazosema hayo hayo.

Naandika kwa sababu ujumbe huu umeumiza watu. Nina saiba hapa Kondele, kazi yangu ni kuchapa, kuskani na kuwajazia watu fomu. Wamekuja wazee kutoka Seme na Nyakach wakitaka niwachapishie "hiyo sheria" waende nayo nyumbani. Wengine walikuwa wameshaanza mazungumzo na dalali, wauze kipande mapema kabla kodi haijaanza. Mtu akiuza shamba la baba yake kwa ajili ya ujumbe wa simu, ukanushaji wa wiki ijayo haulirudishi.

Kilichotokea ni hiki. Jumatano tarehe 15 Oktoba 2025 Rais Ruto alitia saini miswada 8 kwa pamoja. Siku hiyo hiyo tukapata habari ya kifo cha Raila Odinga. Nyinyi wa huku mnajua siku zilizofuata zilivyokuwa: Ijumaa ikatangazwa sikukuu ya kitaifa, Jumamosi watu wakajaa uwanja wa Mamboleo kumuaga, Jumapili akazikwa Bondo, Jumatatu ikawa Siku ya Mashujaa. Nani alikuwa na moyo wa kukaa kusoma sheria? Redio zilikuwa na habari moja tu. Aliyetangulia kueleza kilichotiwa saini ndiye aliyeaminiwa, na hakuwa ameisoma.

Kati ya ile miswada 8, miwili ilikuwa ya ardhi. Mmoja unarekebisha Sheria ya Ardhi na unahusu kusajiliwa kwa ardhi ya umma, kama ile iliyotengewa shule na hospitali, isikae bila hati hadi imegwe na wenye tamaa. Hakuna mahali unapomtoza mwenye shamba kodi ya mwaka. Wa pili unarekebisha Sheria ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na unairudishia Tume uwezo wa kushughulikia madai ya dhuluma za kihistoria za ardhi. Mlango huo ulifungwa 2021, ule muda wa miaka 5 uliowekwa na sheria ulipokwisha.

Hili la pili linaniuma zaidi ya lile la kodi. Kuna familia za Kericho, Nandi, Mlima Elgon na Nakuru ambazo zimebeba madai hayo tangu enzi za mkoloni. Siku ambayo mlango ulifunguliwa tena, simu zao zilikuwa zimejaa habari ya kodi ambayo haipo.

Sasa hiyo kodi ilitoka wapi? Haikuzuka hivi hivi. Mwaka 2023 kulikuwa na mapendekezo ya kurekebisha sheria za ardhi, na ndani yake mlikuwa na tozo ya kila mwaka kwa ardhi ya umiliki wa kudumu iliyo ndani ya mipaka ya miji. Pendekezo lilizua kelele wakati huo. Kuna aliyelichukua pendekezo la 2023, akalibandika kwenye saini ya 2025, akayafuta maneno "ndani ya miji", halafu akaongeza la kunyang'anywa. Saini ni ya kweli. Pendekezo ni la kweli. Kilichounganishwa ndicho cha uongo.

Na ndiyo hoja yangu katika uzi huu. Kwenye mambo ya sheria, uongo mtupu si mwingi kama mnavyodhani. Kinachozunguka zaidi ni karatasi ya kweli inayodaiwa kufika mahali ambapo haijafika. Rasimu ya wizara inaitwa mswada, mswada unaitwa sheria, na kifungu kilichosimamishwa na mahakama kinasambazwa kama amri ya kesho asubuhi. Kwa hiyo ukiuliza tu "ni kweli au uongo?" utajibiwa "ni kweli, picha hii hapa", na mjadala utaishia hapo. Uliza: imefika wapi?

FundiLanet (Nakuru)

Asante mkuu, umeandika jambo lililonikosesha usingizi. Mimi nilinunua robo eka Lanet, taito ni ya kudumu. Tangu Nakuru iwe jiji, majirani wanasema taito zetu zitageuka lizi (ardhi ya kukodishiwa kwa muda) zenyewe, na kwamba hiyo sheria ya Oktoba ndiyo imekamilisha. Nina hofu kwa sababu mimi kweli niko ndani ya mji. Hilo pendekezo la 2023 si lingenipata?

SaibaKondele

FundiLanet, swali lako ni la haki, na wewe una sababu ya kufuatilia kuliko mzee wa Seme. Pendekezo lile lingepita lilivyokuwa, mtu wa mjini mwenye taito kama yako ndiye angeguswa. Likirudi tena siku moja, utakuwa na haki ya kwenda kusema mbele ya kamati ya Bunge. Lakini halikutiwa saini tarehe 15 Oktoba.

Kuhusu jiji: Nakuru ilipewa hadhi hiyo tarehe 1 Desemba 2021. Kupandishwa hadhi hakugeuzi taito ya kudumu kuwa lizi kwenyewe. Kinachowachanganya wengi ni malipo mawili tofauti. Kuna kodi ya ardhi inayolipwa serikali kuu na mwenye lizi, kwa sababu amekodishiwa. Halafu kuna reti zinazolipwa kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa kaunti uwezo wa kutoza reti za mali, na hizo zinaweza kukufikia hata ukiwa na taito ya kudumu. Kwa hiyo ukiletewa bili, angalia kwanza imetoka kaunti au wizara. Mtu akipiga picha bili ya reti ya jirani akaandika "kodi mpya ya mashamba imeanza", picha itakuwa halisi na maelezo yatakuwa ya kupotosha.

MwalimuBungoma

Ndugu, naheshimu kazi yako lakini niseme wazi. Hawa wahakiki wa habari kila mara wanatokea baada ya wananchi kulalamika. Wananchi wakisema "tutatozwa", wanaambiwa "si kweli, ni mswada tu". Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa mswada tu! Tungesubiri uwe sheria ndipo tuseme? Mkate ungekuwa na VAT ya asilimia 16 leo. Vijana walikufa kwa sababu ya karatasi ambayo wewe ungesema haijafika.

SaibaKondele

Mwalimu, hapo umegusa kiini, na sitaki kukupita haraka.

Hatua ya mswada ndiyo hatua ya kupiga kelele. Ndiyo maana kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi kabla halijapitisha kitu. Mswada ni posa, unaweza kukataliwa. Nikisema "huu ni mswada" simwambii mtu alale. Namwambia mlango wa kupinga bado uko wazi, na apeleke sauti yake kwa kamati ambayo bado ina uwezo wa kufuta kifungu. Anayemwambia mwananchi "imeshapita" anamvunja moyo mapema, maana aliyeamini imepita haandiki barua kwa Karani wa Bunge. Anaenda kutafuta dalali.

Tazama 2024 yenyewe. VAT ya mkate na ile kodi ya magari ya asilimia 2.5 vilikuwemo kwenye mswada, kwa maandishi. Waliosema vimo walisema kweli. Vikaondolewa Juni kwa sababu watu walipinga vikiwa bado pendekezo. Tarehe 25 Juni wabunge wakapitisha mswada uliobaki kwa kura 195 dhidi ya 106, na kesho yake Rais akatangaza hatautia saini. Halafu mnakumbuka kilichozunguka baada ya hapo?

MwalimuBungoma

Nakumbuka vizuri. Kwamba akikaa siku 14 bila kutia saini, unakuwa sheria wenyewe. Hata mimi nilisoma kifungu cha 115 na hayo maneno yamo.

SaibaKondele

Yamo kabisa, na ndiyo maana ule ujumbe ulikuwa na nguvu. Kifungu cha 115 kinampa Rais siku 14. Ndani ya siku hizo ama atie saini ama aurudishe Bungeni akieleza asichokubali. Asipofanya lolote kati ya hayo mawili, ndipo mswada unahesabiwa kuwa umetiwa saini. Sasa yeye aliurudisha, akapendekeza vifungu vyote vifutwe. Mara tu alipourudisha, lile sharti la kukaa kimya halikuwa na kazi tena. Wabunge wangetaka kumshinda wangehitaji theluthi mbili ya kura.

Aliyesambaza alinukuu Katiba sawasawa, lakini alinukuu mstari unaohusu Rais aliyenyamaza, wakati huyu hakunyamaza. Ukitumiwa picha ya kifungu, hasa iliyokatwa juu na chini, soma kifungu kizima. Kipande kilichokatwa mara nyingi ndicho chenye jibu.

Na kuhusu wahakiki: Africa Check, PesaCheck na Piga Firimbi wamekuwa wakipima maneno ya Rais na mawaziri pia, si ya wananchi peke yao. Ukiona anayejiita mhakiki na hajawahi kumkosoa mwenye mamlaka, una haki ya kumtilia shaka.

BodaShinyalu (Kakamega)

Sisi wa pikipiki tuliambiwa stejini kwamba seneta wetu amepitisha sheria ya kutuondoa barabarani. Tukachanga hela ya kwenda kuandamana. Baadaye mwingine akasema ni pendekezo. Sasa mtu wa kawaida anajuaje? Karatasi waliyotuonyesha ilikuwa na nembo ya serikali na imeandikwa Gazeti la Serikali. Ile si karatasi ya kuchezea.

SaibaKondele

Ndugu BodaShinyalu, hapo ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo nitaeleza polepole. Nimechapa karatasi hizi nyingi na naijua sura yake.

Miswada yote huchapishwa kama nyongeza ya Gazeti la Serikali. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa mswada una nembo ya taifa, una jina la Gazeti, una nambari na tarehe, na chini kabisa jina la mpigachapa wa serikali. Macho yakiona hayo yote, moyo unasema basi, imekwisha. Lakini shuka katikati ya ukurasa. Hapo pameandikwa kwa Kiingereza kwamba hii ni nyongeza ya MISWADA, ya Bunge la Taifa au ya Seneti, na kwamba mswada uliomo ni wa KUWASILISHWA. Kuwasilishwa maana yake ndiyo kwanza unaingia Bungeni. Geuza hadi kurasa za mwisho utakuta maelezo ya madhumuni yaliyowekwa saini na mbunge au seneta aliyeuleta. Mara nyingi wameambatanisha pia vifungu vya sheria ya sasa vinavyotaka kubadilishwa. Maelezo hayo ya madhumuni ni ya kurasa chache na ni rahisi kuliko mswada wenyewe. Mimi humwambia mtu aanzie huko nyuma.

Sheria iliyokamilika ina sura nyingine. Juu inaitwa sheria, ina nambari yake ya mwaka huo, na chini ya jina kuna tarehe mbili: ya kutiwa saini na ya kuanza kutumika. Msizichanganye hizo mbili. Kifungu cha 116 kinasema sheria ichapishwe ndani ya siku 7 baada ya saini, kisha inaanza kufanya kazi siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe imetaja tarehe nyingine. Ukiletewa "sheria" isiyo na tarehe ya saini, mikononi una mswada.

Mliyoonyeshwa stejini nadhani ni ule mswada wa Seneti wa 2023 wa kudhibiti pikipiki za usafiri wa umma, wa Seneta Boni Khalwale. Unataka usajili, mafunzo na masharti kwa wenye pikipiki. Mnaweza kuupinga kwa sababu nzuri kabisa, maana masharti ya aina hiyo yana gharama kwa kijana aliyekopa pikipiki. Lakini kuwawekea masharti si kuwaondoa barabarani, na mswada ukipita Seneti bado una safari ya Bunge la Taifa na ya mezani kwa Rais. Hela mliyochanga ingetosha kupeleka wajumbe wawili mbele ya kamati na maandishi yenu.

MiwaChemelil (Muhoroni)

Wakuu, mjadala huu ufike na kwetu kwenye miwa. Wakulima wengi huku wanaamini viwanda vimeuzwa. Pia tumeambiwa asilimia 4 itakatwa kwenye malipo yetu ya miwa, na kwamba ni sheria iliyoletwa na serikali ghafla.

SaibaKondele

Nianze na la ghafla. Sheria ya Sukari ya 2024 ilianza kama mswada wa 2022 wa mbunge wa Navakholo, Emmanuel Wangwe, ukatiwa saini Novemba 2024. Ilichukua miaka 2, na muda huo wote ulikuwa kwenye tovuti ya Bunge. Kulikuwa na nafasi ya kusikilizwa, ila nani alimletea mkulima wa Chemelil habari kwa lugha anayoielewa? Hapo lawama siiweki kwa mkulima.

Asilimia 4 ipo. Ni ushuru wa maendeleo ya sukari na unahesabiwa kwenye thamani ya sukari inayotoka kiwandani, na kwenye ile inayoagizwa kutoka nje. Anayeuwasilisha ni kiwanda au mwagizaji. Haukatwi kwenye bei ya tani yako ya miwa. Ukiona umekatwa kwenye stakabadhi ya malipo, hiyo si tafsiri ya sheria, hiyo ni kesi. Itunze stakabadhi.

Viwanda: Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne, Nzoia, Chemelil, Sony na Muhoroni, kwa miaka 30. Kukodishwa si kuuzwa, mali inabaki ya umma.

MiwaChemelil

Nimekuelewa omera, lakini miaka 30 mimi nitakuwa sipo. Kwangu hiyo na kuuza zina tofauti gani? Na deni la zamani tunalovidai viwanda nani atalilipa? Ukisema "si kuuzwa" watu watadhani kila kitu ni sawa.

SaibaKondele

Una haki, na hapa nawalaumu hata wahakiki ninaowaheshimu. Ukisema "ni kupotosha, vimekodishwa" ukanyamaza, umemsahihisha mkulima neno na kumwachia uchungu wake vile vile. Jibu kamili ni hili: vimekodishwa kwa miaka 30, na kwa sababu vimekodishwa, kuna mkataba wenye masharti. Kukiwa na mkataba, unaweza kudai kuuona na kuuliza deni la wakulima limeandikwaje humo. Kama vingekuwa vimeuzwa, swali lako lingekuwa na mlango mdogo zaidi. Kujua ni kukodisha kunakupa pa kushika.

MamaMbogaNyalenda (Kisumu)

Mimi niulize la SHA, ile bima ya afya ya serikali. Kuna picha ya sheria inazunguka sokoni, inasema usipolipa SHA hupati huduma yoyote ya serikali, hata leseni ya biashara. Karani mmoja alinirudisha kwa sababu hiyo. Binti yangu akaangalia kwenye mtandao akanionyesha kifungu, kiko kweli. Sasa nimekubali kwamba ndivyo.

SaibaKondele

Mama, binti yako amefanya vizuri kutafuta, na alichokuonyesha hakikubuniwa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ina kifungu cha 26 kinachodai uthibitisho wa malipo kwa anayetaka huduma za umma. Lakini karatasi hiyo ilipita mahali pengine baada ya kuchapishwa. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu iliitangaza sheria nzima kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaruhusu utekelezaji uendelee, isipokuwa vifungu vichache. Kimojawapo ni hicho cha 26, kijisehemu cha 5, kinachofungia huduma. Kwa hiyo SHA ikaanza Oktoba 2024 bila fimbo hiyo.

Hii ndiyo hali ngumu kuliko zote, maana maandishi kwenye kitabu hayafutiki mahakama ikitoa amri. Aliyesoma sheria peke yake atakuonyesha kifungu na ataamini anasema kweli. Tovuti ya Kenya Law ina sheria na ina maamuzi ya mahakama pia. Tafuta jina la sheria pande zote mbili.

Kujiandikisha ni jambo jingine, hilo linamhusu kila mtu, na kwa asiye na mshahara mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ila anayekunyima leseni mwombe akuandikie kwa barua kwamba amekunyima kwa kifungu fulani, na atie saini.

MkulimaNjoro

Mimi nina mfano wa upande wa pili. Miaka mingi tukiambiana kwamba ukimpa jirani mbegu ya maharagwe uliyohifadhi unaweza kufungwa, watu wa mjini walikuwa wanasema ni uvumi wa wanaharakati. Kumbe ilikuwa kweli.

SaibaKondele

Ilikuwa kweli, na asante kwa kuleta hili. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, ilivyorekebishwa 2012, ilifanya kosa kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijathibitishwa. Adhabu ilifika kifungo cha miaka 2 au faini ya shilingi milioni 1. Wakulima 15 wakaenda mahakamani 2022, na tarehe 27 Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba.

Kwa hiyo jambo kusikika la ajabu hakulifanyi kuwa uongo. Bibi zetu wamebadilishana mbegu tangu zamani, nani angeamini kuna sheria inayowafanya wahalifu? Aliyekuwa anakanusha bila kusoma alikosea sawa na anayesambaza bila kusoma. Na leo anayesambaza kwamba utafungwa kwa mbegu, anasambaza karatasi iliyokwisha kupinduliwa. Akiiweka tarehe, ataelewa mwenyewe.

FundiLanet

Swali moja. Hii sheria ya makosa ya mtandao iliyotiwa saini siku ile ile, inasemekana ukisambaza kitu cha uongo faini ni milioni 20. Watu wameanza kuogopa hata kuuliza kwenye vikundi.

SaibaKondele

Milioni 20 au miaka 10 ni adhabu ya kifungu cha 27, kinachohusu unyanyasaji wa mtandaoni. Marekebisho ya 2025 yalikipanua. Tarehe 22 Oktoba 2025, wiki moja tu baada ya saini, Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu za kifungu hicho kutokana na kesi iliyofunguliwa na mwimbaji Reuben Kigame na tume ya kutetea haki za binadamu, KHRC. Unaona tena: ukisoma saini ukaacha amri ya mahakama, utakuwa na nusu ya habari. Kuuliza "hii imefika wapi?" kwenye kikundi si unyanyasaji wa mtu yeyote. Ulizeni.

MwalimuBungoma

Nimekubali sehemu kubwa. Lakini bado kuna tatizo ambalo hujalisema. Hayo yote uliyotaja, mswada, Gazeti, maamuzi, yako kwa Kiingereza. Wewe unayasoma. Mzee wa Seme hayasomi. Katiba kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Sasa kwa nini mswada wa ardhi haumfikii kwa Kiswahili? Anayemtafsiria ni mwenye kikundi cha WhatsApp, basi.

SaibaKondele

Mwalimu, hapo sina la kupinga, na ningependa tulidai hilo kwa nguvu zote tulizotumia kukanusha. Katiba yenyewe ilitafsiriwa, kwa hiyo kazi hiyo inawezekana. Muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili kwa kila mswada unaogusa ardhi, afya au kodi, ukibandikwa kwa chifu na kusomwa barazani kabla ya siku ya kutoa maoni, ungeua nusu ya jumbe hizi. Shirika la Mzalendo linafuatilia Bunge na kueleza miswada, lakini kazi hii si ya shirika moja. Ni wajibu wa wanaotunga sheria.

Kwa sasa tunaweza kuanza na barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandikia ofisi yoyote ya umma ombi la habari, kwa Kiingereza au KISWAHILI, na hulazimiki kueleza unaitakia nini. Kuomba ni bure, ingawa unaweza kulipishwa gharama ya nakala. Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48.

MiwaChemelil, hiyo ndiyo njia ya kuuliza deni limeandikwaje kwenye mkataba wa kiwanda. FundiLanet, ndiyo njia ya kuuliza kaunti eneo lako linatozwa reti gani na kwa msingi wa sheria ipi. Mama wa Nyalenda, ndiyo njia ya kupata kwa maandishi sababu ya kunyimwa leseni.

Anayetaka kielelezo cha barua aseme hapa, nitakiweka chote kwa Kiswahili bila malipo. Chapisha nakala mbili. Moja iache ofisini, nyingine igongwe muhuri wa mapokezi na tarehe, kisha uitunze. Siku zao zikiisha bila jibu, au wakikukatalia, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki (CAJ, ofisi ya Ombudsman), na nakala yenye muhuri ndiyo watakayoiomba kwanza.

MiwaChemelil

Weka hicho kielelezo. Jumamosi tuna mkutano wa wakulima, nitakisoma pale na tutatia saini kwa pamoja.